Nilimwambia mathe niko atachimenti, kumbe nafyeka nyasi Kilimambogo

Ukipanda juu ya paa la ploti yetu Ruiru kuanika nguo, na mvua iwe imesafisha hewa, utaona mlima mmoja umekaa peke yake ng'ambo ya Thika. Nimeuona tangu utotoni. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Cucu wangu huuita mlima wa njahi, na mvua hii ndefu ya Machi hadi Mei pia ni mvua ya njahi. Sisi wengine tunasema tu Kilimambogo. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nilifika mwaka huu kwa kukosa doo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na sikumwambia mathe. Machi, jamaa mmoja wa mtaani akaniambia kuna mkandarasi anatafuta vijana wa kibarua ndani ya mbuga. Kazi ni kufyeka nyasi kando ya barabara na kuzibua mitaro, mvua isije ikabeba njia. Miezi mitatu. Nikamwambia mathe nimepata atachimenti ya mambo ya wanyamapori. Alifurahi hadi akatangaza kwa wamama wa chama.

Mbuga yenyewe ni ndogo, kilomita mraba 20 hivi, na ilitengwa mwaka 1967. Ni mlima tu na msitu wake, mita 2,145 hadi kileleni. Watu wengi wakitoka Thika huishia Fourteen Falls, wapige picha, wale samaki, warudi. Simba hakuna, ndovu hakuna. Lakini mbogo wapo, na jina si la mapambo.

Ndiyo maana hatukuruhusiwa kushika fyekeo kabla ya afande mwenye bunduki kufika. Siku ya nne nilielewa kwa nini. Ukungu ulikuwa mzito, nyasi zimefika kiunoni, nikasikia ndege wadogo wakipiga kelele na kuruka ghafla. Afande akainua mkono. Wale ndege hukaa mgongoni mwa nyati wakila kupe, kwa hiyo wakiruka, jiulize wametoka juu ya nini. Hatua kama 20 mbele yetu kulikuwa na dume zee, limepakaa matope hadi pembeni, linatutazama kama mtu unayemdai. Dume kama hilo laweza kufikisha kilo 800, na likishaachana na kundi halina subira. Tulirudi nyuma kinyumenyume, polepole, hakuna aliyekohoa. Kuanzia siku hiyo nilitoa earphone masikioni. Kama kuna kitu kimoja utabeba kutoka kwa makala haya, basi ni hicho: msituni, ndege ndio wanaokuambia nani yuko nyumbani.

Na ukishaanza kusikiliza, unaanza kuona. Aprili, juu kidogo, ambapo miti inafunga barabara, kundi la mbega lilikuwa linakula majani machanga. Mbega ni mweusi, ana joho jeupe mabegani na mkia wa kifahari, na hana kidole gumba. Kifuani mwa mmoja nikaona kitu cheupe kabisa. Nilidhani ni ugonjwa. Afande akacheka: mbega huzaliwa mweupe pe, rangi hubadilika baada ya miezi kadhaa. Mamake akimaliza kula, jike mwingine anampokea, kisha mwingine, kama mtoto wa ploti. Nilisimama hapo hadi msimamizi akaniita jina langu lote.

Wiki hizo hizo mbayuwayu walijaa kwenye nyaya za stima kule kijijini Donyo Sabuk, nilikokuwa nimekodi chumba na wenzangu wawili. Asubuhi moja nyaya zikawa tupu. Walikuwa wameshika njia ya kwenda Ulaya na Asia kutaga, maana huko baridi inaisha. Wanatuachia matope, wanarudi karibu Oktoba. Sijui kwa nini nilihisi nimeachwa na matatu.

Picha ya yule mtoto mweupe nilimtumia mathe. Kosa langu ni kwamba kwenye kona ya picha kulikuwa na gambuti, fyekeo, na mkono wangu wenye malengelenge. Alipiga simu saa hiyo hiyo.

"Hiyo ndiyo atachimenti?"

Nikanyamaza. Akanyamaza. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza. Jumapili iliyofuata alishuka Donyo Sabuk na viatu vyake vya kanisa, mvua inanyesha. Tulingoja ikatike, tukalipa langoni kama wageni wengine, tukapanda na gari la jamaa mmoja. Mbega walikuwa pale pale. Mtoto alikuwa ameanza kuwa kijivu. Mathe alimtazama kwa muda mrefu, mwavuli umefungwa mkononi, maji yanamdondokea kutoka kwenye majani.

"Kibarua kinaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Na karo ilibaki ngapi?"

Nikamtajia. Akatoa simu kwenye mkoba, akaandika, kisha akaniuliza yule mtoto analala upande gani wa mti.