Shahada ya Miaka Miwili na ya Miaka Mitatu: Ipi Imfaayo Mwanetu?



Kila ufikapo msimu wa matokeo, wazazi wetu tulioko Uingereza hukabiliwa na swali moja: kijana amepata nafasi ya masomo ya miaka miwili, je, aikubali, au angoje apate shahada kamili? Wapo wanaoiona ile ya miaka miwili kuwa ni fedheha mbele ya jamaa. Wapo pia wanaodhani kwamba hazina tofauti. Makundi yote mawili hayakusibu, na anayelipa gharama ni kijana.

Tuanze na hesabu. Nchini England, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa huhesabiwa kuwa krediti 120. Shahada kamili ina krediti 360, nayo ni daraja la 6 katika mpangilio wa elimu. Shahada ya Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2001 na ambayo huandikwa FdA au FdSc, ina krediti 240. Hiyo ni daraja la 5, sambamba na stashahada ya HND. Aliyeipata huweza kuomba kuingia mwaka wa mwisho wa shahada kamili, lakini kumpokea au kumkataa ni hiari ya chuo. Wala isichanganywe na mwaka wa foundation, ambao ni mwaka wa matayarisho tu, na peke yake haumpi mtu shahada yoyote.

Tofauti hii hudhihirika kazini. Tangu mwaka 2013, anayeanza kusomea uuguzi kamili England hana budi asome shahada. Kuanzia mwaka 2019, Baraza la Wauguzi na Wakunga husajili pia kada iliyo baina ya mhudumu wa wodi na muuguzi, ambayo kwa kawaida husomewa miaka miwili. Katika hospitali za serikali, mtu wa kada hiyo huanza ngazi ya 4 ya mshahara, na muuguzi huanza ngazi ya 5. Mlango wa kupanda haukufungwa, kwani masomo yake huhesabiwa atakapotaka kuwa muuguzi kamili. Ama anayetaka ualimu wenye kutambuliwa rasmi, ajue mapema kwamba shahada kamili ni sharti.

Lipo na jambo la mkopo, linalotugusa sisi Waislamu. Mkopo wa serikali kwa walioanza masomo England tangu Agosti 2023 hutozwa riba, na mkopaji hukatwa asilimia 9 ya pato linalozidi kiwango kilichowekwa, kwa muda uwezao kufika miaka 40. Wanavyuoni wetu wametofautiana katika hukumu yake. Kila familia na imwulize inayemwamini. Lakini ipo njia isiyo na mkopo, nayo ni uanagenzi: kijana huajiriwa, hulipwa mshahara, na hatozwi ada ya masomo. Kada ile ya hospitalini husomewa sana kwa njia hii, na zipo pia shahada kamili zipatikanazo hivyo.

Kwa hiyo, kabla kijana hajatia saini, tuulize mambo manne. Je, kazi aitakayo inadai shahada kamili? Ni chuo gani kitakachompokea kuendelea, na je, ahadi hiyo imeandikwa? Nani atakayelipa, na kwa masharti gani? Na ikiwa anatazamia kurejea nyumbani, je, cheti chake kitatambuliwa huko? Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo ya kuulizwa kuhusu shahada za nje.

Shahada fupi ni ngazi, na ngazi hufaa ikiwa imeegemea mahali. Kijana aliyeanza na miaka miwili, akijua aelekeako, yu katika hali njema kuliko aliyejitosa katika mitatu kwa kuwa tu jirani kafanya hivyo.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya kheri. Wabillahi tawfiq.