Tenisi Kama Mada ya Kufundishia Kiingereza: Mfano wa Mbau, Beni

1.0 Utangulizi

Walimu wa lugha za kigeni wamezoea kuyapanga masomo yao kwa mada: soko, safari, hospitali, michezo. Miongoni mwa michezo, tenisi ni mada iliyozoeleka kwa walimu wa Kiingereza wa Ulaya. Mwalimu wa Mbau ana haki ya kuuliza itamfaa nini mwanafunzi ambaye hajapata kushika raketi. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Tunadai kwamba tenisi inafaa, si kwa ajili ya mchezo wenyewe, bali kwa kuwa msamiati wake humwezesha mwanafunzi kuvitazama Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vikikutana mahali pamoja.

2.0 Hali ya Lugha Mbau

Mbau iko kaskazini mwa mji wa Beni, katika Kivu Kaskazini, kwenye barabara iendayo Oicha na Eringeti. Kinande na Kimbuba ni lugha za nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya soko. Shuleni mtoto hukutana na Kifaransa, lugha rasmi ya nchi, na katika sekondari hufundishwa Kiingereza. Haja ya Kiingereza si ya mtihani peke yake. Bidhaa nyingi za Beni na Butembo hupitia mpaka wa Kasindi zikitoka Uganda, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa upande mwingine, tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewakimbiza watu wengi kutoka makwao na kuyakatiza masomo mara kwa mara. Kwa hiyo mada ifaayo ni ile isiyodai vifaa vya gharama, na ambayo kila kipindi chake chaweza kujitegemea, ili aliyekikosa cha jana asipotee leo.

3.0 Maneno Yaliyosafiri

Wataalamu wengi hulihusisha neno "tennis" na "tenez", amri ya Kifaransa yenye maana ya "shikeni" au "pokeeni". Neno "deuce", litumikalo alama zikiwa 40 kwa 40, nalo lina asili katika neno la Kifaransa cha kale la "mbili", kwani kutoka hapo mchezaji hana budi kupata pointi mbili mfululizo ndipo ashinde. Ajabu ni kwamba Kifaransa cha leo kimeliacha, na mwamuzi wa mashindano ya Paris hutangaza "égalité".

Tenisi ya kisasa ilipata hataza yake Uingereza mwaka 1874 kwa jina la Walter Clopton Wingfield, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877. Baadaye neno lilirudi Ufaransa likiwa limevaa vazi la Kiingereza, na Kiswahili kikalipokea kuwa "tenisi". Mwanafunzi akilifuata neno hili katika safari yake, huona kwamba Kifaransa alichokwisha kujifunza ni akiba ya kujifunzia Kiingereza.

Hata hivyo mwalimu atahadharishe. "Court" ya Kiingereza ni kiwanja, ilhali kwa Kifaransa neno liandikwalo vivyo hivyo lina maana ya "fupi". "Love" katika tenisi ni sifuri, wala si upendo. Hapo mwanafunzi hujifunza kwamba maana hutegemea uwanja wa matumizi.

4.0 Hesabu na Matamshi

Alama za tenisi ni 15, 30 na 40. Mashariki mwa Kongo, wasemaji wengi huhesabu kwa Kifaransa hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Kwa hiyo nambari za Kiingereza huhitaji mazoezi ya pekee. Tatizo kubwa ni jozi kama "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi huuhamishia huko mkazo wa "thirteen", hata 13 ikasikika kama 30. Katika eneo ambamo dola ya Marekani hutumika sokoni pamoja na faranga, kosa hilo si la darasani tu: ni tofauti ya dola 17.

5.0 Sarufi na Mazoezi

Tuchukue sentensi tatu: mchezaji anaanguka, mpira unaanguka, raketi inaanguka. Kiswahili hubadili kiambishi cha nafsi kwa kufuata ngeli, ilhali Kiingereza hutumia "falls" kwa zote. Lakini kiwakilishi "yeye" hakitofautishi mume na mke, na ndiyo maana wanafunzi huchanganya "he" na "she". Kifaransa kitawasaidia kwa watu, kisha kitawapotosha kwa vitu: mpira ni wa kike, wavu ni wa kiume, hali Kiingereza huviita vyote "it". Jedwali la lugha tatu ubaoni litaonyesha haya kwa uwazi.

Kwa mazoezi, kamba yatosha kuwa wavu, matambara yaliyofungwa yawe mpira, na kiganja kiwe raketi. Hili si la kuonea haya: mchezo wa kale wa Ufaransa uliozaa tenisi ulichezwa kwa kiganja. Arushaye mpira huuliza swali kwa Kiingereza. Audakaye hulijibu, kisha huuliza lake. Mwanafunzi wa tatu ni mwamuzi, naye hutangaza alama.

Kwa usomaji, mwalimu aweza kutunga habari fupi ya Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye Julai 2022 alishinda Wimbledon upande wa wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Vitenzi "was born", "played" na "won" vyatosha kufundishia wakati uliopita.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mada ngeni si lazima iwe kizuizi, mradi mwalimu aanzie kwenye lugha ambazo mwanafunzi anazo. Mtoto wa Mbau haingii katika darasa la Kiingereza mikono mitupu; kazi ya mwalimu ni kumwonyesha alichoshika.