Kweli au Si Kweli: Jiwe Halijulikani kwa Rangi Yake

Januari 2025 wanasayansi walitangaza kwamba vumbi la asteroidi Bennu lina trona, madini yale yale ya magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya na kutiwa kwenye sufuria ya maharage. Trona haikuwahi kuonekana kabla ya hapo katika sampuli yoyote kutoka nje ya dunia. Safari ya OSIRIS-REx, iliyoleta vumbi hilo la gramu 121.6 mnamo Septemba 2023, ilisimamiwa na Kituo cha Goddard cha NASA kilichopo Greenbelt, Maryland, nje kidogo ya jiji la Washington.

Maabara zilitumia darubini za elektroni, lakini utaratibu wao ni ule ule wa mchimbaji mdogo wa tanzanaiti wa Mererani, Tanzania, au wa mwanafunzi wa Greenbelt aliyeshika kokoto: chunguza sifa moja baada ya nyingine, kataa jina moja baada ya jingine, mpaka libaki moja. Kazi hii imezungukwa na imani ambazo nyingi hazina msingi, na wanaoumia ni watu wa kipato kidogo. Mmoja anauza kito kwa bei ya kokoto. Mwingine ananunua kioo kwa bei ya kito. Tuzipime imani hizo.

1. Rangi inatosha kulitaja jiwe

SI KWELI. Kwatzi huweza kuwa nyeupe, ya zambarau, ya waridi au ya kijivu, na yote ni kwatzi. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia. Ubuluu hujitokeza baada ya kuchomwa kwa joto la nyuzi 500 na zaidi. Anayeamua kwa rangi ataichanganya tanzanaiti na yakuti ya buluu, ilhali kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (tazama kipengele cha 2) yakuti ni 9 na tanzanaiti ni kati ya 6 na 7.

Fanya hivi: lishike jiwe kwenye mwanga wa jua uligeuze polepole. Tanzanaiti itaonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo kilichotiwa rangi hubaki vilevile kila ukigeuzapo. Hapo umekiondoa kioo, lakini yakuti nayo hubadilika kidogo, kwa hiyo bado unahitaji kipimo kingine.

2. Jiwe linalokwaruza kioo ni almasi

SI KWELI. Kwenye kipimo cha ugumu alichokipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, talki ni 1 na almasi ni 10. Kioo cha dirisha ni kama 5.5. Kwatzi ni 7, nayo imejaa kwenye changarawe za Greenbelt kama ilivyojaa kwenye mito yetu. Kokoto yoyote ya kwatzi itakikwaruza kioo bila shida.

Wengi pia hukosea kusoma mkwaruzo wenyewe. Ukishasugua, futa mstari kwa kidole chenye maji. Ukifutika, ulikuwa unga wa jiwe lako, na jiwe ndilo laini. Ukibaki na ukucha ukanasa ndani yake, kioo ndicho kilichokwaruzwa. Kipimo hiki kifanyie jiwe ghafi tu, mahali pasipoonekana, kamwe si kito kilichokatwa.

3. Almasi halisi haivunjiki kwa nyundo

SI KWELI, na imani hii imeharibu mali za watu. Ugumu ni uwezo wa kustahimili mkwaruzo; kustahimili kishindo ni jambo jingine kabisa. Almasi ina pande nne ambazo hupasuka kwa urahisi, na wakataji wa vito wamezitumia kwa karne nyingi kuigawa. Ukiipiga nyundo almasi ya mgodi wa Mwadui, itavunjika, na vipande vyake havitakuwa na thamani ya jiwe zima.

4. Kinachong'aa njano ndani ya mwamba ni dhahabu

SI KWELI. Great Falls, kwenye Mto Potomac, ng'ambo ya pili ya Washington kutoka Greenbelt, dhahabu ilipatikana wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na migodi ikafunguliwa. Lakini pairiti nayo ni ya njano na inang'aa, na ni ya kawaida kuliko dhahabu.

Chukua kigae cha sakafuni, ukigeuze upande wa nyuma usiong'arishwa, ulisugue jiwe hapo. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Kisha gonga punje ndogo kwa nyundo: dhahabu hubapa, pairiti husagika. Hata hivyo usiitupe haraka pairiti. Kwenye miamba ya Geita dhahabu hukaa pamoja na pairiti, hivyo mwamba wenye pairiti unastahili kupimwa maabara.

5. Sumaku ikikataa, hakuna chuma

SI KWELI. Muirkirk, kilomita chache kaskazini mwa Greenbelt, tanuri la chuma lilijengwa mwaka 1847 na kulishwa kwa sideriti iliyochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi wa eneo hilo. Sideriti ni kaboneti ya chuma, na sumaku ya kawaida haiivuti. Hematiti pia huvutwa kidogo sana, ingawa ni mojawapo ya madini makuu ya chuma duniani. Yenyewe hujitaja kwenye kigae kwa unga mwekundu wa kahawia, hata ikiwa nje ni nyeusi.

Kinyume chake pia hupotosha. Jiwe jeusi likivutwa na sumaku, watu hutangaza kimondo. Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe kweli ni chuma na nikeli, lakini magnetiti nayo huvutwa kwa nguvu. Isugue kwenye kigae: magnetiti huacha unga mweusi, kimondo kwa kawaida hakiachi unga.

6. Siki ikitoa povu juu ya jiwe, kuna kaboneti

KWELI. Povu hilo ni gesi ya kabonidioksidi. Litaliona jicho lako kwenye chokaa, kwenye jiwe la matumbawe la pwani, na kwenye magadi. Jina kamili linahitaji hatua ya pili: magadi huyeyuka majini, matumbawe hayayeyuki. Dolomiti nayo huweza kukaa kimya mpaka uisage unga kwanza.

Usitafute jina kwa ulimi: kuonja jiwe usilolijua ni hatari. Yapo madini yenye risasi, zebaki na aseniki, na ulimi hautakuonya mapema.

7. Uzito mahususi wa jiwe hupimwa maabara tu

SI KWELI. Unahitaji mizani ndogo ya kuning'iniza, uzi na bakuli la maji. Pima jiwe likiwa kavu, kisha lipime likining'inia ndani ya maji bila kugusa bakuli. Gawa uzito wa kavu kwa uzito uliopungua; jibu ndilo uzito mahususi, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Tuseme kavu ni gramu 33.5 na majini ni 23.5. Limepungua gramu 10, jibu ni 3.35, na hiyo ndiyo namba ya tanzanaiti. Yakuti ingetoa karibu 4. Jiwe lile la buluu la kipengele cha kwanza sasa limepata jibu, bila kukwaruzwa wala kuvunjwa.

Mambo ya kushika

Kipimo kimoja kina nguvu zaidi ya kukataa kuliko ya kuthibitisha. Jina huaminika pale unga, ugumu, mpasuko na uzito mahususi vinapokubaliana. Ukiwa Greenbelt Park, tazama na upige picha tu, maana sheria za hifadhi za taifa za Marekani zinakataza kuondoka na mawe. Ukiwa Tanzania na matokeo yako yanatia matumaini, wapo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) Dodoma na Kituo cha Jemolojia Arusha wa kuyahakiki.

Na kabla hujaonana na mnunuzi, andika vipimo vyako kwenye karatasi. Mchimbaji mwenye namba zake mkononi ana cha kujibu pale anapoambiwa kwamba jiwe lake ni kokoto tu.