Usikimbilie Kupiga Windows Mpya

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuganda, wengi wetu tuna dawa moja tu: ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows mpya. Fundi naye hakatai. Ni kazi anayoijua, inamchukua saa chache, malipo yake yanafahamika, na mteja anaondoka na mashine nyepesi. Mwezi haujaisha, inaganda tena. Safari hii picha za harusi hazipo, kazi ya chuo haipo, na programu ya printa iliyokuwa ikifanya kazi vizuri haipatikani popote.

Siwadharau mafundi. Wengi wanahudumia wateja wenye haraka wasiotaka kulipia muda wa uchunguzi. Hata hivyo kufuta kila kitu ni tiba ya mwisho, na matatizo mengi ya Windows majumbani yana chanzo ambacho mwenye mashine anaweza kukiona mwenyewe akijua pa kutazama. Kufomati hakuponyi diski inayokufa, hakuongezi RAM, hakutoi vumbi lililoziba feni. Ukichoma godoro, kunguni walio ukutani wanabaki.

Hatua ya kwanza ni kuizima mashine na kuiwasha, ushauri ambao kila mtu ameusikia, ila wengi wanaufuata kwa njia isiyosaidia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa Fast Startup. Ukichagua "Shut down", Windows haijizimi yote. Inahifadhi sehemu ya kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya kiini hicho nayo inahifadhiwa, na asubuhi inaamka pamoja nawe. Ukichagua "Restart", kila kitu kinaanza upya kweli. Kwa hiyo kama sauti imepotea, Wi-Fi haishiki au printa imegoma ghafla, chagua "Restart" kabla hujagusa kitu kingine.

Ikiwa shida ni uzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka, nalo lina safu nne za kutazama: CPU, Memory, Disk na Network. Bofya jina la safu, na programu inayokula zaidi itapanda juu. Hapo ndipo ubashiri unapoisha. Safu ya CPU ikiwa juu kwa muda mrefu, tafuta programu inayohusika na uifunge. Memory ikikaribia asilimia 100, umefungua vitu vingi kuliko RAM uliyonayo, na Windows inalazimika kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali. Microsoft inasema Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM. Itawaka, lakini kwa mtu anayefungua kurasa kumi za kivinjari na hati ya Word, mimi nahesabu GB 8 kuwa ndiyo mwanzo wa utulivu.

Hali ninayokutana nayo zaidi kwenye laptopu zenye umri ni tofauti: CPU ipo asilimia 5, Memory ina nafasi, lakini Disk imesimama kwenye 100 na kipanya kinasogea kwa kusitasita. Karibu kila mara mashine hiyo ina diski ya kizamani, yenye sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachohamahama juu yake kusoma data. Kikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, kinaweza kuvifikia kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, na inafikia maelfu kwa maelfu katika sekunde hiyohiyo. Windows 10 na 11 zina kazi nyingi za chinichini, kama kupakua masasisho, kupanga faharasa ya utafutaji na kukagua virusi, na kazi hizo zote zinagombea kichwa kimoja. Ukipiga Windows mpya kwenye diski hiyo utapata wepesi wa siku chache, kisha masasisho yatarudi na foleni itarudi. Kama una fedha ya kubadilisha kifaa kimoja tu, badilisha diski uweke SSD. Na hata hapo huhitaji kufomati: zipo programu za kunakili diski nzima kwenda kwenye SSD, Windows, mafaili na mipangilio yako vikiwa kama vilivyokuwa.

Wakati ungali kwenye Task Manager, tazama sehemu ya "Startup apps". Humo mna orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, nyingi zikiwa zimejisajili bila wewe kuziita: za mikutano ya video, za michezo, za kampuni iliyotengeneza printa. Zizime zile unazozitambua na usizozihitaji asubuhi. Kuzima hapo hakufuti programu. Utaifungua mwenyewe ukiitaka.

Kuna dalili moja isiyongoja. Diski ikitoa mlio wa kugonga, au faili dogo likichukua nusu dakika kufunguka kisha mengine yakafunguka vizuri, diski inaweza kuwa inakufa. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inasoma taarifa ambazo diski yenyewe hutunza kuhusu afya yake, na ikionyesha "Caution" au "Bad", acha kila kitu unakili mafaili yako kwanza, yale yasiyopatikana tena yakitangulia. Watu hukimbilia amri ya chkdsk ya kurekebisha diski. Amri hiyo ni nzuri kwa diski nzima iliyokatikiwa na umeme katikati ya kazi, lakini kwa diski mgonjwa inaongeza mzigo wa kusoma kila kona, na inaweza kuwa ndiyo pumzi yake ya mwisho.

Sasa flashi. Umeipeleka steshenari kuchapa barua, ukirudi nyumbani folda zako zote zimegeuka njia za mkato, kila moja na mshale mdogo kwenye kona. Wengi huamini mafaili yamefutwa, wakaifomati flashi kwa hasira. Mafaili yapo. Kirusi cha aina hii huzificha folda zako kwa kuzipa alama ya "fichwa" na alama ya "faili la mfumo", kisha huweka badala yake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya mara mbili, folda inafunguka kama kawaida, lakini kirusi nacho kimekwisha kuingia kwenye kompyuta yako, na kitaambukiza kila flashi itakayofuata. Windows ilikuwa zamani ikiendesha yenyewe programu zilizomo kwenye flashi. Microsoft ilifunga mlango huo kwa sasisho la mwaka 2011, ndiyo maana virusi hivi sasa vinategemea kidole chako.

Fanya hivi. Usibofye kitu ndani ya flashi. Fungua "Windows Security", kinga iliyomo tayari ndani ya Windows, ikague kompyuta nzima pamoja na flashi. Kompyuta ikishakuwa safi, tafuta "cmd" kwenye sehemu ya utafutaji, ifungue, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Subiri imalize. Folda zitaonekana tena, nawe utafuta zile njia za mkato. Ukiruka hatua ya kusafisha kompyuta, utairudia kazi hii kesho.

Kuna mambo mawili madogo ninayoulizwa kila mara. Kivinjari kikikataa kufungua tovuti karibu zote na kudai muunganisho si salama, tazama tarehe iliyo kwenye kona ya chini. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini bado ni mwaka 2015 itavikataa. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, kawaida betri ndogo ya duara iliyoko kwenye ubao mkuu imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile iitwayo CR2032, na kuibadilisha ni kazi ndogo. La pili ni bando linaloyeyuka. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi unayotumia na uwashe "Metered connection", Windows itapunguza upakuaji wa chinichini. Kisha tafuta "Delivery Optimization" na uzime ruhusa ya kupakua kutoka kwa kompyuta nyingine, kwa kuwa ikiruhusiwa kwa kompyuta za kwenye intaneti, bando lako linaweza kutumika kuwapelekea masasisho watu usiowajua.

Lakini usiyazime masasisho moja kwa moja. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kiitwacho WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga mafaili ya watu na hospitali katika nchi nyingi, kikidai fidia. Aliyekuwa amesasisha mashine yake, tundu hilo lilikuwa limeshazibwa.

Kompyuta ikikataa kufungua Windows, au ikileta skrini ya bluu, piga picha ya maandishi yaliyoandikwa chini, hasa yale ya "Stop code". Hayo ndiyo maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliangukia skrini ya bluu. Ndege zikabaki chini, benki zikasimama. Tiba haikuwa kupiga Windows mpya. Ilikuwa kuingia Safe Mode, yaani Windows iliyowashwa na vitu vya lazima tu, na kufuta faili lile moja.

Njia ileile ya kutengeneza bila kufuta kila kitu ipo kwenye mashine yako. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Humo mna "Startup Repair", mna "Uninstall Updates" kama shida ilianza baada ya sasisho, na mna "System Restore", inayorudisha mfumo ulivyokuwa siku za nyuma bila kugusa hati na picha zako, ikiwa ilikuwa imewashwa mapema. Vyote vikishindwa, "Reset this PC" ina chaguo la "Keep my files": programu utaziweka upya, mafaili yako yatabaki.

Hapo kuna kikwazo ambacho kimewaliza watu. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker, na mabadiliko fulani kwenye mashine yakitokea huomba ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo upo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta. Usipoupata, hakuna fundi atakayeyatoa mafaili yako. Utafute leo, mashine ikiwa nzima, uandike kwenye karatasi na uihifadhi.

Kufomati kuna mahali pake. Umenunua laptopu iliyotumika na hujui aliyetangulia aliweka nini, futa kila kitu uanze upya. Unaiuza, fanya hivyo pia. Kirusi kimeota mizizi na kinarudi baada ya kila ukaguzi, hapo pia fomati. Windows 10 nayo imefikia mwisho wa masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na anayehamia mfumo mwingine anaweza kuamua kuanza na ukurasa mweupe.

Nje ya hapo, kabla hujamwachia fundi kompyuta yako, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kisha muulize mambo matatu: diski ina afya gani, RAM inatosha, na ni nini hasa kilichosababisha shida. Fundi mzuri atakujibu. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, usimruhusu afomati.