Wiki 12 za Mwanzo wa Ujauzito: Mabadiliko, Usiri na Hudhurio la Kwanza la Kliniki

1.0 Utangulizi

Neno mjamzito limejengwa juu ya sifa ya uzito. Kwa mantiki hiyo, lugha humtambua mwanamke mwenye mimba pale mzigo wake unapoanza kuonekana. Mimba changa haina uzito huo, na katika familia nyingi za Afrika Mashariki hufichwa kwa kuhofia husuda au kuharibika kwake. Makala haya yanafafanua mambo ya kutarajiwa katika wiki 12 za mwanzo. Aidha, yanatoa hoja kwamba usiri huo, unapomzuia mama kufika kliniki, humnyima msaada katika kipindi anachouhitaji sana.

2.0 Mabadiliko ya Mwili na ya Kiinitete

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hivyo, katika takribani wiki mbili za mwanzo za hesabu hiyo, mimba huwa bado haijatungwa. Yai likisharutubishwa husafiri katika mrija wa uzazi na kujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba yapata wiki moja baadaye. Hapo hutolewa homoni ambayo kipimo cha mkojo huitambua hedhi inapochelewa.

Dalili za kawaida ni uchovu, matiti kujaa na kuuma, kukojoa mara kwa mara, kuchukia harufu za vyakula na kichefuchefu. Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia. Baadhi ya wanawake hutamani udongo, lakini udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo na madini yenye sumu kama risasi.

Karibu na wiki ya 6 moyo huanza kupiga, na mfereji unaokua kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga. Usipofunga vyema, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, hupunguza hatari hiyo. Kwa kuwa mfereji hufunga kabla wengi hawajajua kuwa wana mimba, inafaa vidonge vianze kumezwa tangu mwanamke anapopanga kushika mimba.

3.0 Dalili za Hatari

Kutokwa na damu, maumivu makali ya tumbo hasa ya upande mmoja, maumivu ya bega au kuzirai vyaweza kuashiria mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ambayo huhatarisha uhai wa mama. Homa, na kutapika kusikobakiza chakula wala maji, navyo huhitaji matibabu bila kuchelewa.

Kati ya kila mimba 10 zilizotambuliwa, moja hadi mbili huharibika, nyingi zikiwa ndani ya wiki 12. Yapata nusu ya hizo za mapema hutokana na kasoro za kromosomu. Kazi ndogo ndogo za nyumbani na kijicho cha jirani si chanzo. Kwa hiyo, aliyepoteza mimba hastahili lawama.

4.0 Hudhurio la Kwanza

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio manane badala ya manne ya awali, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Katika hudhurio hilo mama hupimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Pia huanzishiwa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na hushauriwa kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Dawa anazotumia hukaguliwa, kwani baadhi hudhuru kiinitete. Anayefika mwezi wa tano hupimwa vilevile, ila kaswende au upungufu wa damu huwa umepewa miezi ya kuendelea bila tiba.

5.0 Hitimisho

Mama ana haki ya kuchagua nani amwambie na lini. Stara hiyo haipingani na tiba, kwa kuwa mhudumu wa afya hufungwa na maadili ya kutunza siri. Majirani wanaweza kusubiri mpaka tumbo lionekane. Mkunga wa kliniki anapaswa kujua mapema.