Sura ya Saba: Wastaafu wa Chuo Kikuu Safarini

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Kwa wengi, umri wa lazima ni 60. Kwa mtu wa chuo kikuu, siku hiyo huondoka na mengi zaidi ya mshahara. Waliokuwa wakiishi nyumba za chuo pale Mlimani hukabidhi funguo na kutawanyika: huyu Goba, yule Kibaha, mwingine karudi kwao Bukoba. Majirani waliolea watoto pamoja huanza kukutana misibani tu. Ndiyo maana naihesabu safari ya pamoja kuwa huduma muhimu kwa wastaafu, si anasa.

Wazo la kuunganisha safari na elimu kwa wazee lina miaka mingi. Huko Marekani, Elderhostel ilianza mwaka 1975 katika vyuo vya New Hampshire, wazee wakilala kwenye mabweni ya wanafunzi wakati wa likizo na kuhudhuria masomo mafupi. Sisi tunaweza kuanza na safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Chukua Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Mahali penyewe ni tambarare, hivyo magoti hayateseki. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi yenye nguzo ndefu. Mwanahistoria atasimulia biashara ya Bahari ya Hindi na bakuli za kaure za Kichina zilizopachikwa makaburini. Mwanajiolojia atagusa ukuta na kuonyesha alama za matumbawe ndani ya jiwe. Mtaalamu wa mimea atageukia mikoko na kueleza jinsi ilivyoziba ile bandari ya kale. Mpe kila mmoja dakika kumi, halafu waache wabishane. Mzee aliyefundisha maisha yake yote hufurahi anapoulizwa swali gumu, na hufurahi zaidi anapopingwa na mtu anayejua.

Lakini wastaafu wa chuo si maprofesa peke yao. Kuna makatibu muhtasi, mafundi wa maabara, wakutubi, na madereva waliopeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo nchi nzima. Dereva wa namna hiyo anazijua barabara na watu wake kuliko daktari wa falsafa yeyote ndani ya gari. Naye apewe dakika zake kumi. Mchango nao upangwe kwa kumtazama mwenye pensheni ndogo. Ukipangwa kwa mfuko wa profesa, wengine watasingizia wageni nyumbani na hawatasema sababu.

Afya ndiyo inayotaka maandalizi makubwa. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Wapo wanaoacha kumeza siku ya safari kwa kuogopa aibu, na hilo ni hatari. Mwandalizi ajue vyoo viko wapi kabla hajalipia kosta, na awatangazie abiria mapema kwamba gari litasimama. Mwenye kisukari anayetumia insulini hawezi kungoja chakula cha saa saba kikaja saa tisa. Ondokeni alfajiri, jua la mchana liwakute kivulini. Wekeni kigoda mlangoni mwa gari, maana ngazi ya kwanza huwa juu mno kwa nyonga za wazee.

Kwa safari ndefu kidogo, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, imerahisisha mambo: vyoo vimo ndani, na mtu anaweza kunyoosha miguu njiani. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nacho kina wastaafu wake. Wageni wakipokewa na wenzao, nusu ya ratiba imejipanga yenyewe.

Kama idara yako ya zamani haina kikundi, usingoje uongozi wa chuo. Fungua daftari la namba, piga simu wiki hii, na uanze na yule aliyefiwa na mwenzi wake.