Dawa ya Usingizi: Kwa Nini Mgonjwa Hukatazwa Kula

Mtu aambiwapo kwamba kesho atapasuliwa, mara nyingi haogopi kisu kama aogopavyo usingizi. Hujiuliza, "Je, nikilazwa, nitaamka?" Swali hilo si la kipumbavu, nalo lina jibu, lakini sehemu moja ya jibu imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na jamaa zake.

Zamani watu walipasuliwa wakiwa macho. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, na daktari aliyesifiwa ni yule mwenye mkono mwepesi, kwani uchungu haukuvumilika kwa muda mrefu. Kazi ya taratibu ndani ya tumbo au kifua haikuwezekana. Tarehe 16 Oktoba, 1846, katika mji wa Boston, Marekani, daktari wa meno aitwaye William Morton alimvutisha kijana mmoja mvuke wa dawa ya etha, naye John Warren akamkata uvimbe wa shingoni bila ya kushikwa na mtu. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu, na mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alipewa dawa hiyo alipokuwa akijifungua.

Dawa zitumikazo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya ganzi. Hii huzuia habari za uchungu zisipite katika mishipa ya fahamu, na mgonjwa hukaa macho. Hutumika katika kung'oa jino au kushona jeraha; na mama azaaye kwa kupasuliwa aweza kuchomwa sindano mgongoni, akafa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, huku akisikia sauti ya mtoto wake. Ya pili ni nusukaputi, ambayo huulaza ubongo wenyewe. Huingizwa kwa sindano ya mshipa, au mgonjwa huvuta hewa iliyochanganywa na dawa.

Usingizi huo si kama ule wa kitandani. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida, akipaliwa na mate, hukohoa akaamka. Aliyelazwa kwa nusukaputi hakohoi. Chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda hata kooni, kisha kikaingia katika mapafu pamoja na maji makali ya tumboni, kikayaunguza na kuziba pumzi. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa huamriwa asile chakula kwa muda wa saa 6 au zaidi, na maji matupu asiyanywe katika saa 2 za mwisho, au kama daktari atakavyoagiza.

Mzazi amwonapo mtoto wake analia njaa alfajiri, huona huruma, akampa uji kwa siri. Huruma hiyo yaweza kumwua mtoto. Ikiwa mgonjwa amekula, yafaa aseme mara moja. Kazi itaahirishwa kwa saa chache, wala si aibu. Aseme pia dawa zote anazotumia, hata za miti shamba. Kama ana pumu. Kama anavuta sigara au anakunywa pombe. Kama ana jino linalolegea. Na kama yeye au ndugu yake alipata kudhurika kwa dawa ya usingizi.

Mgonjwa akisha kulala hakai peke yake. Yuko mtu ambaye kazi yake si kupasua, bali ni kumlinda aliyelala. Katika Kenya huyo huwa daktari, afisa wa tiba au muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo hasa. Huangalia pumzi, mapigo ya moyo, nguvu ya damu, na hewa iliyomo katika damu kwa chombo kidogo kibanwacho kidoleni.

Mlinzi huyo aweza kuona mengi, lakini uji ulionywewa kwa siri hauoni. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.